Mizani Ilisema Kilo Tatu, Bega Likasema Vingine

Vidole viwili vya mwisho vya mkono wangu wa kushoto vilikufa ganzi nikipiga gitaa la besi, katikati ya wimbo wa nne. Nilijua noti niliyoitaka, nilijua freti yake, ule ufito wa chuma shingoni mwa gitaa ambapo noti hubonyezwa, lakini kidole hakikufika. Nikaumalizia wimbo kwa nyuzi tupu, zisizobonyezwa, E na A tu. Huenda wasikilizaji walidhani nimeamua kupiga kwa utulivu, ila mpiga dramu wetu hakudanganyika. Tulipomaliza akaniuliza, "Dada, mkono una nini?" Nikamjibu ni uchovu. Jibu hilo nilikuwa nimeshalitoa kwa miezi minane, kwake na kwa nafsi yangu.

Ninaandika haya kwa ajili ya mpiga besi ambaye bega limeanza kumsumbua na mfuko wake hauruhusu kubahatisha. Mimi nilibahatisha. Nilinunua gitaa la pili kabla ya kujua ninachotafuta, na pesa yake sikuirudisha yote.

Besi yangu ya kwanza niliipata baada ya kuweka akiba kwa mwaka na nusu. Ilikuwa ya nyuzi nne, bodi ya mti wa ashi, na pikapu moja, kile kifaa kinachodaka mtetemo wa nyuzi, iliyogawanywa vipande viwili, ule mpangilio ambao kampuni ya Fender waliuweka kwenye besi yao ya Precision Bass mwaka 1957 na ambao wapiga besi wengi duniani wameukulia. Niliipenda sauti yake tangu siku ya kwanza. Uzito wake sikuuliza. Nilidhani gitaa la besi ni zito kwa sababu ni la besi, kama vile mlango wa chuma ulivyo mzito kwa sababu ni wa chuma. Nilipokuja kulipima, baada ya bega kuharibika, lilikuwa kilo 4.7.

Kilo 4.7 si nyingi ukizibeba kutoka kwenye gari mpaka jukwaani. Lakini zining'inize kwa mkanda wa nailoni wa sentimita tano juu ya bega moja, usimame nazo saa mbili, mara tatu kwa wiki, miaka minne. Mtaalamu wa viungo niliyemwendea aliniomba nije na gitaa lenyewe. Niliposimama nalo mbele yake, hakuutazama mkono. Alilitazama bega la kushoto, ambalo bila mimi kujua nilikuwa nalipandisha juu kuuzuia mkanda usiteleze. Akabonyeza juu ya mtulinga, na ganzi ikashuka mpaka kwenye vidole vile vile viwili. Nikatokwa na machozi. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa kuogopa kwamba nimechelewa. Akanipa mazoezi ya kufanya na wiki sita za kutopiga nikiwa nimesimama. Kama wewe una ganzi, si maumivu ya kawaida ya baada ya mazoezi, nenda ukaonwe wiki hii. Usisubiri kumaliza kusoma habari za magitaa.

Mimi wiki zile sita nilizitumia kusoma habari za magitaa.

Nilijifunza kwamba besi ndefu ya kawaida, yenye uzi wa inchi 34 kutoka kichwani mpaka kwenye briji, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye bodi, mara nyingi huwa kati ya kilo 3.6 na 4.5, na kwamba wengi huiita besi nyepesi ikishuka chini ya kilo 3.5. Nilijifunza pia kuwa modeli haina uzito mmoja. Mti haukui kwa vipimo vya kiwandani: ashi uliokua mahali pa majimaji hutoa mbao nyepesi, na ashi wa mahali pakavu unaweza kuwa mzito kama jiwe, na yote miwili ikaandikwa "ashi" kwenye maelezo. Besi mbili za modeli moja na rangi moja zinaweza kutofautiana kwa nusu kilo au hata zaidi. Kwa hiyo muulize muuzaji uzito wa gitaa lile lile analokuuzia, si wa modeli. Akikuambia hana mizani, ile ya kuning'inizia mizigo ya safari inatosha: mkanda unapita kwenye ndoano, gitaa linaning'inia, unasoma. Mizani ya kusimamia bafuni haifai sana. Hata ukijipima na gitaa kisha ukajipima bila gitaa, inaweza kukudanganya kwa gramu mia kadhaa.

Yote hayo ni kweli na bado yaliniponza, kwa sababu nilitoka kwenye masomo yangu nikiwa na tarakimu moja kichwani. Kilo tatu.

Besi ya pili niliiagiza bila kuishika. Ilikuwa na bodi ndogo, nyembamba, yenye pembe fupi mbili, na shingo ya urefu kamili wa inchi 34. Bei yake ilikuwa theluthi ya ile ya kwanza. Muuzaji aliandika kilo 3.0, nami ilipofika nikaipima kwa mizani yangu: kilo tatu kamili. Niliifurahia kama mtoto. Nikavaa mkanda, nikasimama mbele ya kioo, nikaondoa mkono wa kushoto ili nirekebishe nywele. Kichwa cha gitaa kikashuka chini moja kwa moja, kikagonga ukingo wa meza.

Nikakiinua. Nikaachia tena. Kikashuka tena.

Siku ile sikuelewa. Sasa naelewa, na ningependa uelewe kabla ya kulipa. Gitaa lililovaliwa linaning'inia kwenye vifungo viwili vya mkanda, kimoja nyuma ya bodi na kimoja mbele. Kifungo cha mbele kikikaa kwenye ncha ya pembe ndefu inayofika usawa wa freti ya 12, kama ilivyo kwenye Precision, uzito wa shingo na wa bodi hukaribia kulingana. Pembe ikiwa fupi, kifungo kinarudi nyuma na shingo nzima inabaki nje kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya bembea. Ukipunguza uzito wa bodi bila kugusa shingo wala vikazio vya nyuzi kule kichwani, umempunguza yule wa upande wa pili wa bembea. Yaani wepesi ule ule nilioulipia ndio uliokuwa unaangusha shingo. Watengenezaji wa besi za bei nafuu hupunguza kilo mahali ambapo ni rahisi kupunguza, kwenye bodi, kisha wanaweka vikazio vile vile vya chuma kizito.

Basi mkono wa kushoto ukawa na kazi mbili, kupiga na kubeba. Baada ya wiki tatu bega lilikuwa limepoa kabisa, na kifundo cha mkono kikaanza kuuma.

Halafu kulikuwa na sauti. Nyumbani, kwenye hedifoni, besi ile ilikuwa nzuri mno: nene, ya joto, imejaa. Ilikuwa na pikapu kubwa moja ya koili mbili, imesukumwa karibu kabisa na shingo. Siku ya kwanza ya mazoezi ya bendi nikaongeza sauti, nikaongeza tena, mpaka kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka. Mpiga dramu akasimamisha wimbo. "Dada, besi naihisi tumboni, lakini siisikii. Sijui uko wapi kwenye wimbo."

Neno hilo liliniuma kuliko kifundo. Kazi ya besi ni hiyo, kuwaambia wengine tuko wapi kwenye wimbo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kitu ambacho wanunuzi wengi wa besi hawaambiwi. Uzi wa E ulio wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haitoi mtetemo huo kabisa, na spika nyingi ndogo hujitahidi tu. Tunausikia kwa sababu uzi hautetemeki kwa namna moja. Juu ya 41 kuna 82, kuna 123, kuna 164 na kuendelea kupanda, na sikio likipata hiyo ya juu hujijengea lenyewe ile ya chini. Sasa pikapu iliyo karibu na shingo huchota zaidi mitetemo ya chini, na iliyo karibu na briji huchota zaidi ile ya juu, ndiyo maana sauti yake ni kavu na ya puani kidogo. Ukiwa peke yako chumbani, unene wa chini unapendeza. Kwenye bendi, kule chini kuna dramu la mguu, kuna mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, kuna mwangwi wa chumba chenyewe. Vyote vinagombea sehemu moja, na besi isiyo na kitu chochote juu yake inazama humo. Inayosikika ni ile yenye alama yake katikati, mahali ambapo hakuna mwingine aliyepakalia.

Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi, aliijenga sauti yake kwa kuegemea pikapu ya nyuma ya Jazz Bass yake, besi nyingine ya Fender. James Jamerson, mpiga besi wa kwenye rekodi za kampuni ya muziki ya Motown, alifika mahali pengine kabisa kwa Precision ya mwaka 1962, nyuzi bapa zilizozeeka na sponji chini ya kifuniko cha briji, akichomoa nyuzi kwa kidole kimoja. Hakuna hata mmoja kati yao anayesikika kwa sababu ya unene. Nilikuwa nimewasikiliza wote wawili kwa miaka bila kulitambua hilo.

Kwa hiyo nilikuwa na gitaa jepesi lililoelemea upande, lenye sauti inayozama. Ningeliuza siku ile ile ningeokoa pesa. Badala yake nikaanza kulitengeneza, kwa sababu sikutaka kukubali kwamba nimekosea.

Kwanza nikabadilisha mkanda: wa ngozi, upana wa sentimita tisa, upande wa ndani una manyoyamanyoya yanayong'ang'ania nguo. Huo ulisaidia kweli, na kama hununui kitu kingine chochote baada ya kusoma haya, nunua mkanda wa namna hiyo. Hata besi yangu ya kwanza ya kilo 4.7 niliihisi tofauti nilipoiweka juu yake. Pili nikabadilisha vikazio vya nyuzi. Nilivipima vya zamani, karibu gramu 100 kila kimoja. Vipya vyepesi vilikuwa gramu 60. Gramu 160 zote pamoja ni kidogo mkononi, lakini zikiondoka kwenye ncha kabisa ya shingo zinahesabika. Kichwa kikaacha kudondoka, kikawa kinashuka polepole. Vikazio hivyo vilinigharimu kama robo ya bei ya gitaa lenyewe.

Tatu nikaamua kuhamisha kifungo cha mkanda kukipeleka kwenye ncha ya pembe ya juu. Nilitumia keekee ya kuazima na ncha nene kuliko ilivyotakiwa, bila kubandika utepe juu ya rangi, bila kuanza na tundu dogo. Rangi ikapasuka kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni, ufa wa urefu wa kidole. Nikakaa sakafuni na gitaa mapajani kwa muda mrefu. Kifungo kilikaa, hata hivyo, na gitaa likalingana vizuri kidogo. Lakini thamani ya gitaa ilikuwa imeshuka kwa dakika moja, na sauti ilikuwa ile ile. Sauti haihamishwi kwa keekee.

Nikaacha. Nikaandika kwenye karatasi mambo matatu ambayo gitaa linalofuata lazima lipite, na nikajiahidi sitalipa kitu kabla halijapita yote. Likae lenyewe nikiondoa mkono. Niweze kulivaa nusu saa nikiwa nimesimama bila bega kupanda. Na mpiga dramu anisikie bila kuongeza sauti. Uzito wenyewe sikuuandika. Nilikuwa nimeelewa kwamba kilo 3.6 zilizolingana zinaweza kuwa nafuu kuliko kilo tatu zinazovuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama besi fupi, zenye uzi wa inchi 30 au karibu na hapo. Nilikuwa nimezidharau kwa miaka. Niliambiwa ni za watoto na za kujifunzia, nami nikaliamini hilo bila kuzishika. Ukifupisha uzi kutoka inchi 34 kwenda 30, shingo inapungua, kichwa kinasogea karibu na mwili, mkono wa kushoto haunyooshwi mbali kuifikia freti ya kwanza, na kwa uzi wa unene ule ule mkazo unaohitajika kufikia noti ile ile unashuka kwa karibu asilimia 22. Vidole vinahisi tofauti hiyo papo hapo. Wengine hawaipendi: uzi unalegea, ukipiga kwa nguvu unapiga kelele kwenye freti. Mimi ilibidi nipunguze nguvu za mkono wa kulia, na kusema kweli nilihitaji kufanya hivyo zamani. Sauti yenyewe huwa ya duara zaidi, noti inaanza kwa kishindo kifupi na kufifia mapema. Ukitaka ule mlio wa waya wa piano, besi fupi haitakupa kirahisi.

Nilijaribu nne kwa muda wa miezi mitatu, nyingine za kuazima kwa wapiga besi wenzangu.

Ya kwanza ilikuwa ya umbo la fidla, tupu ndani, mfano wa Höfner 500/1 iliyoanza kutoka mwaka 1956. Paul McCartney wa Beatles aliinunua ya kwake Hamburg mwaka 1961 kwa sababu ilikuwa ya bei aliyoimudu, na kwa kuwa umbo lake lina pande mbili sawa, halikuonekana la ajabu kwa mtu wa mkono wa kushoto. Fikiria hilo kidogo: mojawapo ya sauti za besi zinazotambulika zaidi duniani ilitoka kwenye gitaa jepesi lililochaguliwa kwa unafuu wake. Niliyoishika mimi ilikuwa nyepesi kuliko besi zote nilizowahi kuvaa, na sauti yake ilinigusa. Ningeinunua. Lakini tulipocheza kwa sauti kubwa, nikiwa hatua mbili mbele ya amplifaya, ule uwazi wa ndani ulianza kunguruma wenyewe, na kila nilipoachia noti ya A mngurumo uliendelea. Kwa anayepiga kwa sauti ya wastani, au anayerekodi nyumbani, aijaribu kabla ya nyingine zote.

Ya pili ilikuwa ya mtindo wa Mustang ya Fender ya 1966. Kilo 3.4, imelingana vizuri, haina tatizo hata moja. Sauti yake ilinikumbusha besi yangu ya kwanza, iliyopunguzwa kidogo. Rafiki akiniuliza leo anunue nini bila kuhangaika, nitamwelekeza huko. Mimi nilikuwa nataka kitu chenye uso wake.

Ya tatu haikuwa fupi; ilikuwa isiyo na kichwa, vikazio vimewekwa nyuma kwenye briji, wazo ambalo mbunifu wa magitaa Ned Steinberger alilifanya lijulikane mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa kulingana mwilini hakuna iliyoishinda. Bei yake ilinishinda.

Ya nne niliiona kwa mtu aliyekuwa anaiuza kwa sababu alihitaji nafasi. Ilikuwa Danelectro ya pembe mbili, uzi wa inchi chini kidogo ya 30. Jinsi zinavyotengenezwa ilinishangaza. Si kipande cha mti. Ni fremu ya mbao, kisha juu na chini imefunikwa ubao mgumu wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ule unaowekwa nyuma ya makabati. Ndani kuna uwazi mwingi. Na pikapu zake zimo ndani ya vibomba vya chuma kinachong'aa, kwa sababu mwanzoni, katika miaka ya 1950, mwanzilishi wa Danelectro, Nathan Daniel, alitumia vibomba halisi vya rangi ya midomo kuzifunika. Kila kitu kilichaguliwa kwa kubana matumizi, na kutokana na kubana huko ikatoka sauti isiyofanana na nyingine: angavu, ya uwazi, yenye kama kengele ndogo juu ya kila noti, na chini yake kishindo kifupi cha mbao.

Niliipima: kilo 2.8. Sikujiruhusu kufurahi. Nikavaa mkanda wangu mwenyewe, niliokwenda nao, nikaachia mkono wa kushoto. Shingo ikashuka kidogo, ikasimama. Nikamwomba mwenyewe nibaki nayo nusu saa, nimesimama, akakubali na akaniletea kiti ambacho sikukikalia. Nikapiga kila noti ya kila uzi, freti baada ya freti, nikisikiliza iliyokufa. Besi nyingi zina noti moja au mbili zinazofifia haraka kuliko majirani zake, mara nyingi kwenye uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7, na hilo halitengenezeki kirahisi kwa sababu limo kwenye shingo yenyewe. Hii ilikuwa na moja, dhaifu kidogo, naweza kuishi nayo. Nikaitazama shingo kutoka kwenye kichwa kama mtu anayelenga shabaha: ilipinda kidogo mbele, kama inavyotakiwa, bila kujisokota. Nikazungusha vitufe vyote. Cha toni kilikwaruza. Nikachezesha waya kwenye tundu lake, na sauti ikakatika. Hayo mawili ni ya kusafisha na kuchomelea, kazi ya muda mfupi kwa anayejua, nami nikayatumia kuomba apunguze. Akapunguza. Kabla ya kulipa nikamwomba kitu kingine: niende nayo mazoezi ya jioni ile, nimwachie besi yangu ya kwanza kama dhamana. Alisita, akakubali. Najua si kila muuzaji atakubali hilo, lakini omba. Mimi kwenye besi ya pili sikuomba chochote.

Mazoezini sikumwambia mtu. Wimbo wa pili ulipoisha mpiga dramu akauliza, "Umefanya nini? Nakusikia wewe kwanza." Amplifaya ilikuwa chini ya nusu.

Nililipa usiku ule. Ilinigharimu chini ya nusu ya bei ya besi ya kwanza.

Ina mapungufu na ni haki uyajue. Pikapu zake hazina nguvu nyingi, kwa hiyo lazima kuongeza nguvu kwenye mlango wa kuingilia wa amplifaya, na nikitumia moja peke yake inavuma karibu na taa fulani na karibu na chaja za simu. Nikiwasha zote mbili pamoja zinaunganika mfululizo na sauti inapata mwili zaidi, basi hapo ndipo ninapoishi. Briji ya ile niliyonunua ilikuwa na kipande kimoja cha mti kwa nyuzi zote nne, kwa hiyo ukipatanisha E mpaka noti ya freti ya 12 iwe sahihi, G inakuwa chini kidogo. Niliishi na hilo miezi mitano kisha nikaweka briji yenye kipande kwa kila uzi. Ungenunua mpya, angalia hilo kwanza.

Nilifanya kosa moja zaidi, la nyuzi. Nilitaka nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo, ili kupunguza kidogo ung'avu na kulinda freti. Si rahisi bei yake. Nikanunua za besi ndefu kwa sababu ndizo zilizokuwepo, nikidhani nitakata zilizozidi. Kwenye besi fupi ile sehemu nene ya uzi inafika mpaka kwenye kikazio na inalazimika kujikunja humo. Uzi wa E ulifyatuka siku ya pili, wa A ukaanza kufumuka. Seti nzima ikaenda. Kabla ya kununua nyuzi za besi fupi, pima kutoka mahali mpira mdogo wa mwisho wa uzi unapokaa nyuma ya briji mpaka pale uzi unapotokea kichwani, kisha ulinganishe na urefu wa sehemu nene ulioandikwa kwenye pakiti. Urefu wa gitaa peke yake hautoshi, kwa sababu briji nyingine hupitisha nyuzi nyuma ya bodi.

Nyuzi bapa za urefu sahihi zimekaa humo miezi kumi na minne sasa na sina haraka ya kuzitoa. Chini yake, mbele tu ya briji, ninaweka kipande cha sponji cha upana wa kidole kwenye nyimbo za polepole. Noti inakuwa fupi na ya ndani. Kwa nyimbo za haraka nakitoa. Hayo ndiyo mabadiliko ya bei ndogo kuliko yote niliyofanya, na pamoja na nyuzi yameibadilisha sauti kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa pesa nyingi. Laiti ningeweka sponji na nyuzi bapa kwenye besi ya kwanza kabla ya kuanza safari hii, ningejua mapema ni sauti gani naitafuta.

Besi ya kwanza sikuiuza. Napiga nayo nikiwa nimekaa, tunaporekodi. Ganzi haijarudi isipokuwa mara moja, niliposahau nikaivaa kwa saa nzima.

Ya pili ilikaa kwenye mfuko wake karibu mwaka, na ufa wake. Mwishowe kijana mmoja akaja kuiona. Alikuwa ameshaamua kuichukua kabla hajaishika. Nililiona hilo machoni. Nikamwonyesha ufa, nikamweleza keekee. Kisha nikampa mkanda nikamwambia, "Mdogo wangu, vaa, simama, halafu achia mkono wa kushoto." Akaachia. Shingo ikashuka. Akanitazama. Nikamwuliza huwa anapigia wapi. Akasema chumbani kwake, amekaa, na hedifoni masikioni, kwa sababu majirani hawapendi kelele.

Nikampa bei, na vikazio vyepesi ndani yake. Alipokaa kwenye kiti na kuiweka pajani, ilitulia vizuri kabisa.